Maonyesho ya Mtaa ni Mali ya Nani?

Juma hili tunataka kuzungumza nanyi, wazazi pamoja na wanafunzi, juu ya jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo, nalo ni maonyesho ya sanaa yanayofanywa na watu wa mtaa wenyewe. Tunasema juu ya picha, vinyago, vyungu, vikapu, mikeka na vitambaa vilivyotariziwa, ambavyo watu wenye ustadi huvifanya nyumbani mwao, kisha huvileta pamoja siku moja au mbili kwa mwaka ili majirani wavitazame na, wakipenda, wavinunue.

Tumeona maonyesho ya namna hiyo yakianza kwa furaha kubwa. Tumeyaona pia yakifa. Tuwasimulie habari ya mojawapo tuliyoiona kwa macho yetu, bila kutaja mji wala jina la mtu, maana hatutaki kumwaibisha yeyote.

Vijana wa mtaa mmoja walikuwa wamefanya maonyesho miaka miwili mfululizo katika uwanja wa shule. Fedha hawakuwa nazo. Walifagia uwanja wenyewe, wakaazima meza na viti, wakaandika majina ya mafundi kwa chaki ubaoni. Mwaka wa tatu, siku chache kabla ya maonyesho, bwana mmoja aliyetaka kuchaguliwa katika baraza akawaletea mahema mawili, vipaza sauti na fedha za vinywaji. Mwenyekiti wa komite alifurahi, akapokea vyote pasipo kuwauliza wenzake. Asubuhi ya siku yenyewe, meza za mbele zilikuwa zimeondolewa ili kuweka viti vya wakubwa, na picha ya yule bwana ilikuwa imetundikwa juu ya lango. Hotuba zilianza saa nne, zikaisha saa nane. Mama mmoja mfinyanzi, ambaye alitembea tangu alfajiri akiwa na vyungu sita ndani ya kikapu, aliwekwa nyuma ya hema, karibu na choo. Saa tisa mvua ikanyesha. Mama yule akarudi kwake na vyungu vyake sita. Hakulalamika. Alituambia tu kwamba mwaka ujao, siku kama hiyo, atakwenda shambani.

Mwaka uliofuata hakuna aliyeonyesha kitu. Yule bwana hakuchaguliwa, na mahema yake hayakuonekana tena. Wanakomite wakagombana na mwenyekiti wao, lakini ufunguo wa ghala na daftari la hesabu vilikuwa nyumbani kwake, naye hakutaka kuvitoa. Alisema: "Kazi hii nimeifanya miaka mitatu bila mshahara. Ni nani awezaye kunidai?"

Neno hilo limetukaa moyoni. Watu wa mtaa ule husema kwamba siasa ndiyo iliyoyaua maonyesho yao. Wengine husema hapana, ni mwenyekiti. Sisi twaona kwamba mambo haya mawili hayatengani. Siasa iliingia kwa mlango, na mlango ule ulifunguliwa na mtu mwema aliyejitolea. Aliufungua peke yake kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba haukuwa mlango wake.

Ili tufahamu vizuri jambo hili, twende mbali kidogo, mpaka mji wa Chicago katika Marekani. Huko, katika mitaa ya kusini mwa mji, ambako watu weusi wengi wana makao yao, mambo ya namna hii yamejaribiwa kwa zaidi ya miaka 80, na habari zake zinajulikana.

Maili moja ya sarafu

Katika miaka ya 1930 Marekani ilipatwa na shida kubwa ya kukosa kazi. Serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilianzisha kazi za kila namna ili watu wapate riziki, na wasanii hawakusahauliwa. Mwaka 1935 ulianzishwa mpango ulioitwa Federal Art Project, wa kuwalipa mshahara wachora picha, wachongaji na walimu wa sanaa. Kwa mpango huo vituo vya sanaa zaidi ya 100 vilifunguliwa katika nchi nzima. Lakini palikuwa na sharti: Serikali italipa walimu na watumishi, na watu wa mahali penyewe wajitafutie nyumba.

Wakati ule mchora picha mweusi hakuwa na mahali pengi pa kuonyesha kazi yake mjini Chicago. Basi tangu mwaka 1938 wasanii, wafanya biashara na mabibi wa vyama mbalimbali walianza kukutana ili kutafuta nyumba. Waliandaa karamu na dansi za kuchanga fedha. Wakabuni tena jambo jingine ambalo hata maskini aliliweza, wakaliita Maili ya Dime. Dime ni sarafu ndogo kuliko zote za Marekani, nayo ni sehemu ya kumi ya dola. Walitaka kukusanya dime nyingi kiasi cha kwamba zikipangwa moja baada ya nyingine zifike urefu wa maili moja. Mwanafunzi apendaye hesabu na ajaribu: dime moja ina upana wa milimita 18 hivi, na maili ni mita 1,609. Atapata sarafu karibu 90,000, ndizo dola karibu 9,000. Haba na haba hujaza kibaba. Miongoni mwa waliosimama barabarani kuomba sarafu hizo alikuwamo dada mmoja mchora picha, Margaret Taylor Goss, aliyejulikana baadaye kwa jina la Margaret Burroughs. Tutakutana naye tena.

Wakanunua jumba la zamani lililojengwa na tajiri mmoja katika Michigan Avenue, nambari 3831. Mwezi wa Desemba 1940 milango ilifunguliwa, na tarehe 7 Mei 1941 Bibi Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, alikuja kuizindua nyumba hiyo, iitwayo South Side Community Art Center. Humo Gordon Parks alipata chumba cha kusafishia picha zake kabla hajawa mpiga picha mwenye sifa duniani. Humo pia Gwendolyn Brooks alijifunza utunzi wa mashairi, naye mwaka 1950 akawa mtu mweusi wa kwanza kupewa tuzo ya Pulitzer.

Mwaka 1943 mpango wa Serikali ulikwisha, maana nchi ilikuwa vitani. Mishahara ikakoma, na vituo vingi vikafunga milango. Kituo cha Michigan Avenue hakikufunga, nacho kipo hata leo. Kwa nini? Serikali ilikuwa imelipa mishahara, na iliweza kuikata. Lakini jumba lilinunuliwa kwa sarafu za watu wa mtaa, na walipobaki peke yao walikuwa na mahali pa kukutania na sababu ya kuendelea.

Waliotoa fedha na waliotoa kazi

Msidhani, wasomaji, kwamba nyumba ile ilikuwa na amani wakati wote. Tangu mwanzo ilikusanya watu wa namna mbili. Wa kwanza walikuwa wafanya biashara na mabibi wenye heshima na mali. Wa pili walikuwa wasanii, wengi wao maskini, waliopenda kusema kwa sauti juu ya haki za wafanyakazi na za watu weusi. Mishahara ya Serikali ilipokwisha, nyumba ikategemea wenye kujitolea.

Hapa tunaomba mtuvumilie kidogo. Sisi sote huwasifu wenye kujitolea, nao wanastahili sifa. Lakini tujiulize: ni nani awezaye kujitolea? Ni mwenye nafasi. Fundi afanyaye kazi ya usiku hawezi kuhudhuria mkutano wa jioni. Mama mwenye watoto wadogo hawezi kukaa saa tatu akisikiliza hesabu. Ndiyo maana mara nyingi komite ya maonyesho huwa na watu wanaopenda sanaa lakini hawaifanyi, na wale wanaoifanya husikia maamuzi yakiisha kukatwa. Jambo hilo huja lenyewe, bila mtu kuwa na nia mbaya.

Katika miaka ya 1950 hofu kubwa ya ukomunisti iliingia Marekani. Mtu alishukiwa kwa sababu ya rafiki aliyekuwa naye au karatasi aliyotia sahihi. Margaret Burroughs wakati huo alikuwa mwalimu wa sanaa katika shule kubwa ya DuSable. Mwaka 1952 wakubwa wa elimu wa mji walimwita na kumhoji juu ya mawazo yake. Aliomba likizo, akaenda Mexico kujifunza uchapaji wa picha. Na katika nyumba ile ile aliyoichangia sarafu barabarani, yeye na wenzake waliodhaniwa kuwa wa mrengo wa kushoto waliwekwa kando.

Tazameni vizuri jambo hili. Hakuna askari aliyetumwa kufunga mlango. Waliomweka kando walikuwa majirani zake, watu wa kujitolea kama yeye, waliofikiri kwamba kwa njia hiyo wataiokoa nyumba yao. Siasa ya nchi iliingia mpaka ndani ya komite ya mtaa, na haikuhitaji hata kupiga hodi.

Barabarani na uwanjani

Hata hivyo, msanii akifungiwa mlango wa nyumba hubaki na barabara. Mwaka 1948, katika mtaa wa Hyde Park huko huko kusini mwa Chicago, bibi mmoja aitwaye Mary Louise Womer alianzisha maonyesho ya sanaa nje, katika barabara ya 57. Wapita njia waliona picha bila kulipa kiingilio, na mchoraji aliuza kazi yake kwa mkono wake mwenyewe. Maonyesho hayo yangaliko hata leo. Kazi ya kuyatengeneza hufanywa na komite ya wenye kujitolea, nayo imekwisha pita katika mikono mingi tangu siku ya Bibi Womer.

Margaret Burroughs naye hakukaa kulia. Katika miaka ile ile ya 1950, yeye na wenzake walianzisha maonyesho ya nje mahali paitwapo Lake Meadows, ili wasanii weusi wapate pa kuuzia. Mahali pale pana habari ya uchungu. Hapo zamani palikuwa na nyumba nyingi za watu, na wengi wao walikuwa weusi. Wakubwa wa mji waliamua kwamba nyumba hizo ni mbovu, wakazibomoa, familia zikahamishwa kwa maelfu, na kampuni kubwa ya bima ikajenga majumba marefu yenye viwanja vya majani katikati. Siasa iliyowaondoa watu ndiyo iliyoacha uwanja, na juu ya uwanja huo watu weusi wakatundika picha zao. Maonyesho ya Lake Meadows yalipendwa sana, na wengi waliyangojea mwaka mzima.

Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 yalikoma, yasifanyike tena mpaka mwaka 2005, mtu mwingine alipoyafufua. Hatumlaumu Bibi Burroughs. Alikuwa na kazi nyingi, kama tutakavyoona. Lakini linganisheni maonyesho haya mawili. Ya barabara ya 57 yalipita mkono kwa mkono. Ya Lake Meadows yaliegemea sana mtu mmoja mwenye nguvu. Nyumba yenye nguzo moja husimama vema kadiri nguzo ile inavyosimama. Ikiondolewa, paa lote hushuka, hata kama nguzo yenyewe ilikuwa ya mti mgumu.

Mwaka 1961 Bibi Burroughs na mume wake Charles walifungua jumba la makumbusho ya watu weusi ndani ya nyumba yao wenyewe, kando ya barabara ile ile ya Michigan Avenue, mkabala na kituo cha sanaa kilichokuwa kimemweka kando. Baadaye makumbusho hayo yakaitwa kwa jina la DuSable, mtu mweusi aliyejenga makao mahali pale kabla ya mji wa Chicago kuwako. Mwaka 1973 yalihamia katika jengo la mji ndani ya bustani ya Washington Park. Na wakati wa Harold Washington, meya wa kwanza mweusi wa Chicago, aliyechaguliwa mwaka 1983, Bibi Burroughs aliwekwa katika baraza la bustani za mji, akatumika humo mpaka alipofariki mwaka 2010.

Basi wale wanaosema kwamba siasa ni adui wa sanaa siku zote hawasemi kweli yote. Wakubwa walimhoji mwalimu yule na kumtia mashaka, na miaka 20 baadaye wakubwa walikubali makumbusho yake yaingie katika jengo la mji. Tofauti ni kwamba mara hii ya pili alikuja na kitu kilichokwisha kusimama kwa nguvu za watu. Aliomba nyumba kwa ajili ya kazi iliyokuwa hai. Hakuomba wakubwa waianzishe, wala hakuwakabidhi.

Ahadi isiyotunzwa

Tuongeze habari moja ya mwisho kutoka Hyde Park, maana ina onyo. Karibu na barabara ya 57 palikuwa na vijumba vya duka vilivyobaki tangu maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka 1893. Kodi yake ilikuwa ndogo, na kwa muda mrefu wachoraji na waandishi walikaa humo. Mwaka 1958 baraza la mji likakubali mpango mkubwa wa kuujenga upya mtaa wote. Vijumba vile vikabomolewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mafundi wa sanaa hawakuwa na pa kwenda.

Bibi Muriel Beadle, mke wa mkuu wa chuo kikuu cha Chicago, aliona hasara hiyo. Aliwakusanya majirani, nao wakakopesha fedha zao kwa kununua hati za mkopo, ili yajengwe maduka madogo ya kupangishwa mafundi kwa kodi nafuu. Mahali hapo paliitwa Harper Court, pakafunguliwa mwaka 1965. Ni kazi nzuri, iliyofanywa na watu waliojitolea kwa moyo safi.

Lakini miaka ilipita. Mafundi wa sanaa walipungua, wapangaji wa biashara nyingine wakaongezeka, na wale walioijua nia ya mwanzo walizeeka au walihama. Mwaka 2008 mahali pale pakauzwa kwa chuo kikuu, majengo yakabomolewa, na leo pana jengo refu la ofisi, maduka na hoteli. Waanzilishi walitoa fedha zao, wakatoa na jioni zao nyingi. Jambo lililokuwa gumu zaidi lilikuwa kuwapata warithi wa nia ile.

Na kwetu je?

Pengine msomaji atasema: hayo ni mambo ya Marekani. Lakini na kwetu Kongo yapo. Mjini Lubumbashi, mwaka 2008, chama cha wasanii kiitwacho Picha kilianzisha mikutano na maonyesho ya sanaa ambayo yamekuwa yakirudi kila baada ya miaka miwili au mitatu. Mwaka 2015 mkoa wa Katanga uligawanywa kuwa mikoa minne, na ofisi nyingi zikabadilika wakubwa. Hata hivyo, mwezi wa Oktoba mwaka ule ule maonyesho yalifanyika. Mjini Goma, tamasha la Amani, la muziki na dansi, lilikusudiwa kuanza mwaka 2013. Vita vikaliahirisha mpaka Februari 2014, ndipo vijana wengi wa kujitolea wakalipokea katika uwanja wa Collège Mwanga. Katika nchi ambamo barabara yaweza kufungwa kesho na ofisi kubadilika kesho kutwa, kitu cha watu hakina budi kuwa na mizizi mahali pengine kuliko ofisini.

Twende sasa kwenye mashauri, maana hatutaki kuwaacha na hadithi tu.

La kwanza ni juu ya wakubwa. Mkubwa wa komine apewe heshima yake. Aombwe ruhusa mapema, kwa barua, na jibu lake litunzwe kwa maandishi, kwa kuwa ruhusa ya mdomo hufa siku mkubwa anapohamishwa. Aalikwe kufungua maonyesho, aseme maneno yake machache, kisha azungushwe kutazama kazi za mafundi. Wakati wa uchaguzi, mwaliko wa namna moja upelekwe kwa pande zote, au usipelekwe kwa upande wowote. Mtu akileta mahema, ashukuriwe, lakini aambiwe tangu mwanzo kwamba picha yake haitatundikwa langoni. Akiona vibaya na kuchukua mahema yake, basi tutakaa chini ya mwembe. Wengi wetu tulisoma darasa la kwanza chini ya mwembe.

La pili ni juu ya fedha. Kiasi cha kwanza, hata kiwe kidogo namna gani, kitoke kwa watu wa mtaa wenyewe. Faranga chache za kila nyumba zina nguvu kuliko zawadi kubwa ya mtu mmoja, maana hakuna awezaye kuzidai zote siku moja. Hesabu isomwe mbele ya watu wote juma moja baada ya maonyesho. Daftari likae mahali ambapo mtu yeyote wa komite aweza kuliona, na ufunguo wa ghala uwe na pacha wake.

La tatu ni juu ya mafundi. Nusu ya viti vya komite, au zaidi, viwe vya watu wanaofanya sanaa kwa mikono yao. Ikiwa wafinyanzi wote wako shambani saa za asubuhi, mkutano usifanywe asubuhi. Wanaochagua kazi zitakazoonyeshwa wawe mbali na wanaoomba fedha kwa wakubwa, ili picha ya mpwa wa mkubwa isipate nafasi kuliko chungu cha mjane. Na mtu asiondolewe kwa sababu ya chama chake au kabila lake au maneno aliyoyasema sokoni. Habari ya Margaret Burroughs yatosha kutuonya.

La nne ni juu ya mwenyekiti. Achaguliwe kwa muda unaojulikana, miaka miwili kwa mfano, na tangu siku ya kwanza awe na msaidizi kijana anayejifunza kazi. Muda wake ukiisha, ashukuriwe mbele ya watu wote, maana kuna wengi ambao hung'ang'ania ufunguo kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia asante. Yule mwenyekiti wa habari yetu ya kwanza hakuwa mwizi. Alikuwa amechoka, na aliona kwamba miaka yake mitatu haikuhesabiwa kuwa kitu. Lau watu wangalimshukuru na kumpumzisha mwaka wa pili, labda mahema yale yangalipokewa kwa namna nyingine.

Na alipouliza ni nani awezaye kumdai, jibu lilikuwapo. Mama aliyeleta vyungu sita aweza kumdai. Asiyepokea mshahara hadaiwi na tajiri wake, lakini adaiwa na wale waliomwamini. Mwenye kujitolea ametoa saa zake na nguvu zake, na mtu akishatoa kitu, kitu hicho si chake tena.

Mwezi uliopita tulipita katika mtaa ule. Tulisikia kwamba vijana wengine wanafikiri kuyaanzisha maonyesho upya. Tukaenda mpaka kwa yule mama mfinyanzi, tukamkuta amekaa mlangoni akisugua chungu kwa jiwe laini, kama alivyofundishwa na mama yake. Tukamwambia habari ile. Aliendelea kusugua kidogo, kisha akatuuliza: "Safari hii meza zitapangwa na nani?"

Tulimwambia tutawauliza vijana. Nanyi wasomaji, mkiwa na maonyesho mtaani kwenu, au mkitaka kuyaanzisha, liulizeni swali hilo kabla ya kwenda kuomba mahema. Kisha mtuandikie, mtueleze mlivyojibu.